Spika za Milangoni: Usafi wa Sauti Kabla ya Ukubwa Wake



Safari ya kutoka Mombasa hadi Nakuru ni takriban kilomita 640, na kwa muda wote huo gari hugeuka kuwa nyumba: humo huliwa, hulalwa, na husikilizwa kisomo cha Qur'ani na mawaidha. Tulipokwenda kuwazuru jamaa zetu wa Free Area, kando ya barabara kuu ya Nairobi, jambo moja lilitutia huzuni njiani. Bibi yetu, aliyekaa kiti cha nyuma, kila mara aliomba, "Ongezeni sauti, wajukuu zangu." Tukaongeza. Kitukuu chake aliyeketi ubavuni mwa mlango akaziba masikio, naye Bibi bado akasema haelewi kinachosomwa. Mwisho akanyamaza, akageuza uso dirishani.

Siku ya pili tulimpelekea gari fundi mmoja wa hapo Free Area. Alisikiliza kidogo, kisha akatuonyesha kosa letu. Spika za milangoni zilikuwa kuukuu, za karatasi tupu, na kingo zake zimechanika. Tulipoongeza sauti, zilitetema na kukwaruza. "Mnamwongezea mama mvumo," alisema, "naye anachokosa ni herufi."

Neno hilo lina ukweli. Sikio la mtu mzima, kadiri umri unavyosonga, hupoteza kwanza sauti nyembamba, na katika sauti hizo ndimo zinamokaa herufi kama s, sh, th na f. Mvumo mzito haumsaidii. Tulichagua spika za inchi 6.5, kila moja ikiwa na spika ndogo ya sauti nyembamba katikati yake, zenye omu 4 sawa na zile za redio yetu.

Kazi yenyewe si ngumu, lakini inataka subira. Fundi alizima gari, akatoa waya hasi wa betri, akafungua skrubu na kubandua taratibu ubao wa ndani wa mlango. Kabla ya kufunga, aliteremsha kioo mpaka chini kuhakikisha hakigusi sumaku ya spika mpya. Aliweka pete ya plastiki ili spika ikae imara, akaziba matundu ya bati la mlango, kwani sauti ya nyuma ya spika ikivuja hukutana na ya mbele na kuidhoofisha. Ile karatasi ya nailoni iliyomo ndani aliirudisha mahali pake. Hiyo ndiyo inayozuia maji ya mvua yasiingie garini.

Mwenye gari naye ana mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, chanya iungwe na chanya na hasi na hasi. Zikipishana, spika moja husukuma hewa huku nyingine ikivuta, na sauti nzito hupotea. Pili, msidanganywe na wati nyingi zilizoandikwa juu ya boksi. Tazameni zile za RMS, ambazo spika huzistahimili kwa muda mrefu. Tatu, mkiongeza amplifaya, waya wake uwe na fyuzi karibu na betri, kwani waya usio na kinga huweza kuwasha moto.

Tusisahau watoto, ambao masikio yao huwa karibu na mlango. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 kuhusu vifaa vya kusikilizia sauti uliweka desibeli 80 kwa saa 40 za wiki kwa mtu mzima, na 75 kwa mtoto. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda wa salama hupungua nusu. Asiye na kipimo na awasikilize waliokaa nyuma: ikiwabidi kupaza sauti ili wazungumze, redio imezidi. Dereva naye anahitaji kuisikia honi ya lori na king'ora cha ambulansi.

Luqman alimuusia mwanawe apunguze sauti yake, na wasia huo, uliomo katika sura yenye jina lake, unafaa kukumbukwa mkono unapoelekea kwenye redio.

Tuliporejea Pwani, kisomo kilikuwa chini kuliko tulivyozoea. Kabla hatujafika Naivasha, tulimsikia Bibi nyuma akifuatisha aya kwa midomo yake, na kitukuu chake amelala begani pake. Alhamdulillahi.