Uingereza Mwaka 2022: Kweli au Si Kweli?

Katika mwaka mmoja tu, 2022, Uingereza ilikuwa na malkia na kisha mfalme, mawaziri wakuu watatu na mawaziri wa fedha wanne. Habari zilifuatana kwa kasi, na kama ilivyo kawaida ya habari zinazosambaa kwa simu, ukweli ulichanganyika na uzushi. Hadi leo yapo madai ya mwaka ule yanayorudiwa vijiweni, redioni na hata majukwaani, na mengine hutumika kama hoja katika mijadala yetu wenyewe kuhusu uongozi. Mtu akisema "tuige Uingereza" au "hata Uingereza imewashinda", ana wajibu wa kujua kwanza ni kitu gani hasa kilitokea huko. Tuyapime madai tisa, moja baada ya jingine.

1. "Boris Johnson alijiuzulu kwa aibu ya zile sherehe za wakati wa korona."

SI KWELI. Sherehe zilikuwepo. Polisi wa London walitoza faini 126 kwa watu 83 kwa mikusanyiko iliyofanyika ndani ya ofisi za serikali na karibu nazo wakati wananchi wamezuiwa kukusanyika. Johnson mwenyewe alitozwa faini Aprili 2022 kwa mkusanyiko wa siku yake ya kuzaliwa, uliofanyika tarehe 19 Juni 2020 katika chumba cha mikutano cha Baraza la Mawaziri. Alikuwa waziri mkuu wa kwanza kubainika kuvunja sheria akiwa madarakani. Lakini hakujiuzulu. Tarehe 6 Juni wabunge wa chama chake cha Conservative walimpigia kura ya imani, akashinda kwa kura 211 dhidi ya 148.

Kilichomwangusha ni jambo la baadaye. Chris Pincher, naibu mnadhimu wa chama bungeni, alijiuzulu kwa tuhuma za mwenendo mbaya, kisha ikajulikana kwamba Johnson alikuwa ameelezwa kuhusu malalamiko ya zamani dhidi yake kabla ya kumpa cheo hicho. Jioni ya tarehe 5 Julai, Waziri wa Afya Sajid Javid na Waziri wa Fedha Rishi Sunak waliachia ngazi ndani ya dakika chache. Usiku huohuo Johnson akamteua Nadhim Zahawi kushika Fedha na Michelle Donelan kushika Elimu. Kesho yake aliwaambia wabunge kwamba haondoki. Kufika asubuhi ya tarehe 7, Donelan alikuwa amejiuzulu, na Zahawi alikuwa ameandika barua ya hadharani kumtaka bosi wake aondoke. Zaidi ya mawaziri na wasaidizi 50 walikuwa wameshatoka. Johnson alikubali kuondoka pale alipokosa watu wa kuendesha nao serikali.

2. "Waingereza walimchagua Liz Truss kuwa waziri mkuu."

SI KWELI. Waliompigia kura ni wanachama wa chama cha Conservative peke yao. Truss alipata kura 81,326 na Sunak 60,399, katika nchi yenye watu wapatao milioni 67. Kabla ya hapo, katika raundi ya mwisho ya kura za wabunge, Sunak ndiye aliyeongoza kwa kura 137, Truss akapata 113 na Penny Mordaunt 105. Kwa hiyo Truss aliingia madarakani akiwa si chaguo la kwanza la wabunge ambao angewategemea kila siku. Udhaifu huo ulijitokeza mapema sana.

3. "Bajeti ya Truss ndiyo iliyoleta ugumu wa maisha Uingereza."

NUSU KWELI, na nusu hizi mbili zinafaa kutenganishwa. Mfumuko wa bei ulishavuka asilimia 10 mwezi Julai 2022, Truss akiwa bado anafanya kampeni. Bei ya gesi ilipaa baada ya Urusi kuivamia Ukraine tarehe 24 Februari, juu ya uhaba wa bidhaa ulioachwa na korona. Mwezi Oktoba mfumuko ulifika asilimia 11.1, kiwango kisichoonekana kwa miaka 41. Huo si mzigo wa Truss peke yake. Tena serikali yake ndiyo iliyoweka kikomo cha bei ya nishati ili bili ya kaya ya kawaida iwe kama pauni 2,500 kwa mwaka, baada ya mdhibiti wa nishati kutangaza kwamba ingefika pauni 3,549.

Lililo lake ni lile la tarehe 23 Septemba. Siku hiyo Waziri wa Fedha Kwasi Kwarteng alitangaza punguzo la kodi la takriban pauni bilioni 45, bila kueleza pengo lingezibwa na nini, na bila makadirio ya taasisi huru inayokagua hesabu za bajeti. Wenye fedha wakaanza kuuza hati fungani za serikali. Tarehe 26 Septemba pauni ilishuka hadi karibu dola 1.03, kiwango cha chini kuliko vyote katika historia yake. Thamani ya hati fungani ilipoporomoka, mifuko ya pensheni iliyokuwa imekopa kwa kuziweka rehani ilitakiwa kuongeza dhamana haraka. Ili kupata fedha hizo iliuza hati zaidi, na kuuza huko kukazidi kuzishusha bei. Tarehe 28 Septemba Benki Kuu ya Uingereza iliingilia kati, ikatangaza kwamba iko tayari kununua hati fungani za hadi pauni bilioni 65. Wakopeshaji waliondoa sokoni mamia ya mikopo ya nyumba, na riba ya iliyobaki ikapanda. Familia iliyokuwa ikitafuta mkopo wa nyumba wiki hiyo ililipia uamuzi ambao haikuulizwa.

4. "Punguzo lile la kodi lilijaribiwa likashindwa."

SI KWELI kwa sehemu kubwa. Halikufika mbali kiasi cha kujaribiwa. Mpango wa kufuta kiwango cha juu cha kodi ya mapato, asilimia 45, uliachwa tarehe 3 Oktoba. Kwarteng alifukuzwa tarehe 14 Oktoba baada ya siku 38 katika wizara hiyo. Tarehe 17 Oktoba mrithi wake, Jeremy Hunt, alifuta karibu yote yaliyobaki. Wanaosema punguzo la kodi lilithibitika kuwa baya, na wanaosema lilithibitika kuwa zuri ila likahujumiwa, wote wanadai ushahidi ambao haupo. Kilichothibitika ni kwamba serikali inayokopa haiwezi kuwataka wakopeshaji wake waiamini bila kuwaonyesha hesabu.

5. "Truss ndiye waziri mkuu aliyekaa muda mfupi kuliko wote."

KWELI. Aliteuliwa tarehe 6 Septemba, akatangaza kujiuzulu tarehe 20 Oktoba, na akakabidhi ofisi kwa Sunak tarehe 25 Oktoba: siku 49. Kabla yake rekodi ilikuwa ya George Canning, aliyedumu siku 119 mwaka 1827 akafariki dunia akiwa kazini. Siku moja kabla ya kujiuzulu, Truss alilieleza Bunge kwamba yeye ni mpiganaji, si mtu wa kukata tamaa. Siku hiyohiyo Waziri wake wa Mambo ya Ndani, Suella Braverman, alijiuzulu, na jioni wabunge wa chama chake walivurugana hadharani kwenye kura iliyohusu uchimbaji wa gesi. Kesho yake mchana alikuwa amesimama mbele ya nyumba namba 10, Downing Street, akiaga.

6. "Charles alianza kuwa mfalme siku alipotawazwa, na ni mkuu wa nchi zote za Jumuiya ya Madola."

SI KWELI, mara mbili. Malkia Elizabeth wa Pili alifariki dunia tarehe 8 Septemba 2022, akiwa na miaka 96, katika kasri la Balmoral huko Uskoti, siku mbili tu baada ya kumteua Truss papo hapo. Mwanawe Charles alianza kuwa mfalme dakika ileile. Kutawazwa kwake, tarehe 6 Mei 2023, kulikuwa ibada ya kuthibitisha jambo lililokwisha kuwa. Mama yake pia alirithi ufalme hivyohivyo: baba yake alipofariki Februari 1952, Elizabeth alikuwa Kenya, na alitawazwa zaidi ya mwaka mmoja baadaye.

Kuhusu Jumuiya ya Madola, mwaka 2022 ilifikisha nchi wanachama 56, baada ya Gabon na Togo kujiunga kwenye mkutano wa Kigali. Charles ni mkuu wa dola wa nchi 15 tu, Uingereza ikiwemo. Tanganyika ilipata kuwa jamhuri mwaka 1962 na Kenya mwaka 1964, na tangu hapo hakuna mfalme wa Uingereza mwenye mamlaka juu yao. Hata cheo cha Mkuu wa Jumuiya hakirithiwi: viongozi wa nchi wanachama ndio walioamua, mwaka 2018, kwamba Charles atamfuata mama yake.

7. "Marais wa Afrika walipandishwa basi kwenye mazishi ya Malkia kwa kudharauliwa."

SI KWELI. Picha za Rais Samia Suluhu Hassan na Rais William Ruto, aliyekuwa ameapishwa siku sita tu kabla, wakiwa ndani ya basi tarehe 19 Septemba zilizua hasira kubwa, na hasira hiyo inaeleweka kwa watu wenye historia yetu na Uingereza. Lakini mabasi hayakuwa ya Waafrika peke yao. Mfalme Mkuu Naruhito wa Japani alipanda basi. Jacinda Ardern, waziri mkuu wa New Zealand, alipanda basi. Wageni mashuhuri walikuwa kama 500, na barabara zinazoelekea Westminster Abbey zisingebeba misafara yao yote. Ni kweli kwamba Rais Joe Biden wa Marekani aliruhusiwa kutumia gari lake, na mtu ana haki ya kuhoji upendeleo huo. Lakini hilo ni swali la Marekani na mataifa mengine yote, si la Waafrika na Wazungu.

8. "Rishi Sunak ni mzaliwa wa Afrika Mashariki, na Priti Patel ni wa familia iliyofukuzwa na Idi Amin."

SI KWELI, ingawa mizizi ipo. Sunak alizaliwa Southampton, Uingereza, tarehe 12 Mei 1980. Waliozaliwa huku ni wazazi wake: baba yake Kenya, mama yake Tanganyika, wote wa asili ya Punjab. Walihamia Uingereza katika miaka ya 1960, baba akawa daktari na mama akaendesha duka la dawa. Mtoto wao alikuwa Mhindu wa kwanza kuongoza serikali ya Uingereza. Patel, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani hadi Septemba 2022, wazazi wake walitoka Uganda, lakini waliondoka miaka ya 1960, wakati amri ya Amin ilitolewa mwaka 1972. Tunaposimulia safari za watu wa pwani na bara yetu, tuzisimulie jinsi zilivyokuwa.

9. "Umoja wa Ulaya ndio uliozuia ndege ya kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda."

SI KWELI. Mkataba ulitangazwa tarehe 14 Aprili 2022, pamoja na ahadi ya awali ya pauni milioni 120. Wengi walidhani waomba hifadhi wangesubiri Rwanda kisha waliokubaliwa warudi Uingereza. Sivyo: aliyekubaliwa angebaki Rwanda. Usiku wa tarehe 14 Juni ndege ilikuwa tayari uwanjani Boscombe Down, na abiria wachache waliobaki kwenye orodha wakaondolewa baada ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kutoa zuio. Mahakama hiyo, yenye makao Strasbourg, ni ya Baraza la Ulaya, ambalo Uingereza ilikuwa miongoni mwa waasisi wake mwaka 1949. Si chombo cha Umoja wa Ulaya, na Uingereza ilipojitoa kwenye Umoja haikujitoa huko. Novemba 2023 Mahakama ya Juu ya Uingereza yenyewe iliamua kwa kauli moja kwamba mpango ule ni kinyume cha sheria, na serikali mpya ikaufuta Julai 2024. Hakuna aliyepelekwa Rwanda kwa nguvu.

Tuchukue lipi?

Dai linalopendwa kuliko yote ni lile linalosema viongozi wa wenzetu wana aibu, wakikosea hujiondoa wenyewe. Mwaka 2022 haukuonyesha hivyo. Johnson aling'ang'ania hadi mawaziri walipokwisha. Truss alisema hakati tamaa hadi wabunge walipomkatia tamaa wao. Wote wawili waliondolewa na watu wa chama chao wenyewe, waliokuwa na uwezo wa kisheria na kikanuni wa kuwaondoa, na walioweza kuutumia bila kuogopa kupotea. Wananchi wa kawaida walingoja hadi uchaguzi mkuu wa tarehe 4 Julai 2024, ndipo wakakitoa chama cha Conservative madarakani baada ya miaka 14, na Truss akapoteza hata kiti chake cha ubunge.

Kwa hiyo tunapodai uwajibikaji, tusiishie kuomba Mungu atupe viongozi wenye aibu. Tudai bunge linaloweza kupiga kura ya imani na matokeo yake yakaheshimiwa, chama ambacho mbunge wake anaweza kumpinga mwenyekiti na bado akalala kwake, mahakama inayoweza kuisimamisha ndege ya serikali, na hesabu za bajeti zinazokaguliwa na mtu asiyeajiriwa na waziri. Vitu hivyo vinajengwa kwa sheria na kulindwa na wananchi, na hakuna taifa lililozaliwa navyo.