Je, Wajua? Pedali ya kushoto hukazwa kinyume

Ukifungua boksi la baiskeli mpya ya safari, utakuta pedali zimefungwa kando. Ya kulia hukazwa kama skrubu yoyote. Ya kushoto hukazwa kinyume cha mwendo wa saa! Ukiilazimisha kwa spana, chuma chake kitatafuna hesi za krenki ya alumini, na krenki ndiyo imekwisha. Tazama mwisho wa ekseli: L ni kushoto, R ni kulia.

Kwa nini kinyume? Uzito wa mguu huizungusha ekseli kidogo kidogo ndani ya tundu lake. Hesi za kawaida upande wa kushoto zingejifungua zenyewe njiani.

Mtego mwingine: kwenye baiskeli nyingi za kisasa, bolti ya juu ya shingo ya usukani haishikilii usukani. Huondoa tu ulegevu kwenye beringi. Zinazoshika ni bolti za ubavuni, nazo hukazwa mwisho. Wengi hukaza ya juu tu, wakaondoka wakitabasamu.

Milima ya Kigali haisamehei haraka hiyo. Septemba 2025 mji huo ulikuwa mwenyeji wa Mashindano ya Dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza Afrika. Wanaume walipangiwa kilomita 267.5, na mlima wa Kimihurura wenye barabara ya mawe mzunguko baada ya mzunguko. Waliomaliza ni 30 tu.

Breki za diski za mafuta zina mtego wake: usibane mkono wa breki gurudumu likiwa nje. Pedi zitakutana katikati, na diski haitaingia tena mpaka uzitenganishe.