Mchanga Uliokanyagwa

Mei 2007, ndani ya Union Station, jengo la kituo cha treni mjini Kansas City, Marekani, watawa wa Kibuddha kutoka Tibet walikuwa wameinama sakafuni wakichora kwa mchanga. Kila mmoja alishika faneli nyembamba ya chuma yenye mistari ya makato ubavuni, akaisugua kwa kijiti cha chuma. Mtikisiko ule ndio unaodondosha mchanga wa rangi, punje chache chache, mpaka petali moja ya ua itimie. Mchoro huo huitwa mandala.

Baada ya siku mbili wakaenda kupumzika. Mama mmoja akaingia posta, iliyo humo humo kituoni, na mwanawe mdogo akapenya chini ya kamba ya kuzuia watu, akacheza juu ya mchoro hadi ukavurugika kabisa. Watawa waliporudi wakaona nyayo ndogo. Hawakufoka wala kumtafuta wa kumlaumu. Wakachukua faneli zao, wakaanza upya.

Utulivu huo una shule yake. Siddhartha Gautama, yaani Buddha, aliyefundisha kaskazini mwa India takriban miaka 2,500 iliyopita, alisema maisha yana alama tatu. Kwa Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibuddha inayosomwa hata katika hekalu la Upanga, Dar es Salaam, ambalo asili yake ni wahamiaji kutoka Sri Lanka, alama hizo zinaitwa anicca, dukkha na anatta.

Anicca ni kutodumu. Waswahili husema kila chenye mwanzo kina mwisho. Buddha aliongeza kwamba hata hapo katikati hakuna kinachotulia. Mwili, hasira, mapenzi, vyote vinageuka tukivitazama.

Dukkha hutafsiriwa mateso, na tafsiri hiyo imewafanya wengi waione dini hii kuwa ya huzuni. Neno lenyewe ni pana: linabeba maumivu ya jino, na pia ule wasiwasi mdogo unaomjia mtu katikati ya sherehe anapokumbuka kuwa itakwisha. Buddha alitoa mfano wa mtu aliyechomwa mshale. Mwili unauma, hilo halikwepeki. Lakini akianza kuomboleza na kujiuliza kwa nini yeye, amejichoma mshale wa pili. Mafunzo yote yanalenga huo wa pili, na chanzo chake ni kung'ang'ania.

Alama ya tatu ndiyo ngumu. Anatta inasema hakuna "mimi" wa kudumu aliyejificha ndani ya mtu. Ufafanuzi mzuri kuliko wote unapatikana katika mazungumzo ya mtawa Nagasena na mfalme Milinda, Mgiriki aliyetawala kaskazini-magharibi mwa India katika karne ya 2 kabla ya Kristo. Nagasena alijitambulisha, kisha akasema hilo ni jina tu, hakuna mtu wa kudumu nyuma yake. Mfalme akashangaa: basi nani anayekula, nani anayetafakari? Mtawa akamuuliza alikujaje. Kwa gari la farasi, akajibu mfalme. Je, magurudumu ndiyo gari? Hapana. Ekseli? Nira? Hapana. Basi liko kando ya vitu hivyo? Hapana pia. Mfalme mwenyewe akakiri kuwa "gari" ni jina la vipande vilivyoungana vikafanya kazi pamoja. Na mtu ndivyo alivyo: mwili, hisia, utambuzi, misukumo ya nia na fahamu.

Hapo wengi huteleza. Nagasena hakusema gari halipo; mfalme alifika nalo. Alichokana ni kiini kisichobadilika, kile tunachokilinda usiku na mchana kana kwamba kingeweza kulindwa.

Hata mandala isiyoguswa na mtoto kwa kawaida haiwekwi kwenye makumbusho. Ikikamilika, watawa huisomea dua, kisha huikusanya kwa brashi kuelekea katikati, na rangi zote hugeuka kijivu. Waliohudhuria hupewa mchanga kidogo. Unaobaki hubebwa hadi mtoni na kumwagwa kwenye maji yanayotembea.