Kabla ya kutafuta bursi ya Afrika Kusini, soma neno lililo kwenye diploma yako

Hapa Ariwara, mwanafunzi akisema anataka kwenda kusoma Afrika Kusini, watu humuuliza kwanza: "Bursi umepata wapi?" Swali ni la haki, lakini linakuja mapema. Kwanza ajiulize: diploma yangu inaitwaje, na niliisomea miaka mingapi? Jibu ndilo linaloonyesha ataomba masomo ya ngazi gani, na ngazi hiyo ndiyo inayoonyesha ni bursi zipi zinamhusu.

Chukua neno "lisansi". Katika mfumo wa zamani wa Kongo, mtu alisoma miaka 3 akapata graduati, kisha miaka 2 mingine akapata lisansi: jumla miaka 5. Katika mfumo mpya wa LMD, lisansi ni miaka 3, na masta huongeza 2. Neno ni moja, maana ni mbili.

Afrika Kusini, shahada ya kwanza katika fani za lugha kwa kawaida ni miaka 3. Hufuata mwaka mmoja wa shahada iitwayo Honours, ndipo masta na udaktari. Elimu ya nchi hiyo imepangwa katika ngazi 10: shahada ya kwanza iko ya 7, Honours ya 8, masta ya 9, udaktari ya 10. Kwa hiyo mwenye lisansi ya miaka 5 asipoeleza, anaweza kuhesabiwa kama aliyesoma miaka 3 tu. Na mwenye lisansi ya LMD akiomba masta moja kwa moja, anaweza kuambiwa apitie Honours kwanza.

Dawa yake ni karatasi. Ambatisha karatasi za pointi za kila mwaka, pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya mtafsiri aliyeapishwa. Mwombe aliache jina la Kifaransa la diploma lilivyo, idadi ya miaka ionekane. Diploma za chuo kutoka nje hupimwa na SAQA, mamlaka ya taifa ya sifa za elimu. Mwenye diploma ya serikali peke yake hupitia ofisi ya USAf, umoja wa vyuo vikuu vya huko. Na kwa kuwa tumesoma kwa Kifaransa, vyuo vingi vitadai mtihani wa Kiingereza. Kwa mtu wa Ariwara, Kampala ni karibu kuliko Kinshasa.

Sasa tuje kwenye bursi. NSFAS, mfuko wa serikali unaosikika sana, si kwa wageni. Usipoteze muda huko. Fedha za NRF, mfuko wa utafiti, karibu zote huenda kwa raia na wakaazi wa kudumu. Mlango ulio wazi kwetu ni Mandela Rhodes: hupokea raia wa nchi zote za Afrika wenye miaka 19 hadi 29, kwa Honours au masta tu. Hapo ndipo ngazi na umri vinapokutana: anayekosea ngazi na kupoteza miaka miwili anaweza kukuta umri umepita. Mastercard Foundation nayo husaidia vijana wenye uwezo wa masomo ambao familia zao hazina fedha, kupitia vyuo kama Cape Town na Pretoria. Kuomba bursi na kuomba nafasi chuoni ni maombi mawili tofauti. Fanya yote mawili.

Asiye na bursi aangalie SADC. Itifaki yake ya elimu ya 1997 inataka wanafunzi wa nchi wanachama watozwe ada kama wenyeji, na Kongo ni mwanachama. Lakini vyuo haviitekelezi kwa namna moja, na vingine huongeza malipo ya wageni. Uliza chuo kwa maandishi: Mkongo analipa kiasi gani, na kiasi gani kabla ya kuanza? Viza ya masomo pia itadai uthibitisho wa fedha, bima ya afya ya huko na cheti cha polisi. UNISA hufundisha kwa mbali, hivyo anayesomea nyumbani hahitaji viza.

Mwaka wa masomo huko huanza Februari, na maombi mengi hufungwa mwaka uliotangulia. Basi leo anza na kazi isiyo na gharama: toa diploma yako sandukuni, uhesabu miaka.