"Imefunguliwa" na nani? Maneno ya kupima kabla ya kununua simu ya rekondisyone

Mwaka jana nilipokuwa natayarisha memwari yangu juu ya maneno ya kazi ya wachimbaji wa zamani wa Kipushi, nilihitaji simu yenye nafasi ya kutosha na inayonasa sauti vizuri. Simu mpya ilinishinda bei. Rafiki mmoja akanipeleka mjini kati, hapa Lubumbashi, penye meza za wauza simu, nikaonyeshwa simu safi ya Android ndani ya mfuko wa nailoni, kwa dola 95. Maelezo ya muuzaji yalikuwa mafupi: "Iko debloke, mudogo. Rekondisyone ya Ulaya. Tia kadi yako, itaenda." Nikatia kadi, nikapiga simu, ikaenda. Nikalipa.

Wiki ya saba simu ilipakua programu zake mpya, ikajizima, ikawaka tena ikiwa na ujumbe mmoja tu kwenye kioo: kifaa hiki kilichukuliwa kwa mkopo, malipo hayajakamilika, kimefungwa. Ndani mlikuwa na rekodi sita za wazee wa Kipushi. Nne kati ya hizo sikuwa nimezinakili popote.

Nilirudi mezani na hasira. Muuzaji aliitazama simu, akanirudishia kwa utulivu: "Debloke ya rezo, ndiyo. Ya deni, ile haiko kazi yangu." Nilibishana naye, lakini njiani kurudi nyumbani nilikubali jambo moja: hakuwa amesema uongo. Alitumia neno lenye maana nne, nami nikanunua maana niliyoitaka bila kuuliza ni ipi aliyoiuza. Kwa mwanafunzi wa kitivo cha lugha, hilo liliniuma kuliko dola 95.

Ndiyo sababu naandika makala haya. Wengi wetu hatununui simu mpya, tunanunua iliyotumika Dubai, Ubelgiji, Marekani au Afrika Kusini. Maneno mawili ndiyo yanayoiuza, "debloke" na "rekondisyone". Yote mawili yanaeleza kitendo kilichokwisha kufanywa, na yote mawili yanamficha mtendaji. Kazi ya mnunuzi ni kumrudisha mtendaji huyo kwenye sentensi.

Tuanze na "debloke". Kiswahili chetu kinatusaidia kuliko Kifaransa hapa. Kitenzi kufungua ni kauli ya kutendua ya kufunga. Huwezi kufungua kisichofungwa. Basi mtu akikuambia simu "imefunguliwa", amekiri tayari kwamba kuna siku ilifungwa. Maswali mawili yanafuata papo hapo: ilifungwa na nani, na aliyeifungua ni nani? Simu ambayo haikufungwa kamwe na simu iliyofunguliwa jana usiku zinaitwa debloke zote mbili, lakini si bidhaa moja.

Kufuli zinazowezekana ni nne.

Kufuli ya kwanza ni ya mtandao, ile muuzaji wangu anayoiita ya rezo. Katika nchi kadhaa, kampuni ya simu humpa mteja kifaa kwa bei ndogo akitia sahihi mkataba wa miezi mingi, kisha huifunga simu hiyo isikubali kadi ya kampuni nyingine. Kampuni yenyewe inaweza kuifungua baadaye, na ikifanya hivyo simu hufunguka daima. Canada imezilazimisha kampuni kuuza simu zilizo wazi tangu Desemba 2017, na Uingereza tangu Desemba 2021. Marekani bado zinauzwa nyingi zilizofungwa. Lakini iko pia njia ya mkato: kwa iPhone, watu huweka kijichipu chembamba kama karatasi chini ya kadi, kinachoidanganya simu iamini kwamba kadi ni ya kampuni yake. Simu ya namna hiyo inaita na inapokea, lakini kufuli bado ipo, na programu mpya zikiingia huenda ikakataa kadi. Kwa hiyo usitosheke kuona simu inaita. Toa kitoroli cha kadi uangalie kama kuna kitu kingine juu yake. Kwenye iPhone, fungua mipangilio, sehemu ya maelezo ya simu, usome mstari wa kufuli ya kampuni: unapaswa kusema hakuna kizuizi cha SIM. Halafu jaribu kadi za kampuni mbili tofauti, kwa mfano Airtel na Orange, na usiishie kwenye sauti, fungua intaneti pia.

Kufuli ya pili ni ya akaunti. Apple waliiweka mwaka 2013 pamoja na iOS 7, na Google mwaka 2015 kwa Android 5.1. Lengo lake ni kumkatisha mwizi tamaa: hata akifuta kila kitu, simu inapowaka inadai akaunti na neno la siri la mwenyewe. Mafundi wengi hujua kuizunguka kufuli hii bila kuiondoa. Simu inafanya kazi mezani, nawe unaondoka ukicheka. Siku utakapolazimika kuifuta, inamwita mwenyewe wa zamani ambaye humjui.

Kufuli ya tatu ni ya deni, na ndiyo iliyonipata. Siku hizi kampuni za mikopo hutoa simu kwa malipo ya kila siku au kila mwezi, huku zikiwa na programu ndani ya simu inayoweza kuizima kwa mbali mteja asipolipa. Mteja akiiuza kabla ya kumaliza deni, deni linasafiri na simu. Fundi anaweza kuuficha ujumbe ule kwa muda, nao ukarudi baadaye simu inapopata intaneti na programu mpya.

Kufuli ya nne haimo ndani ya simu, imo katika orodha. Kila simu ina namba yake ya tarakimu 15, IMEI. Wengi wetu tuliijua mwaka 2020 serikali ilipoleta kodi ya RAM, iliyoandikisha simu kwa namba hizo na kukata salio letu hadi ilipoondolewa mwaka 2022. Namba hiyo hiyo hutumika kufungia simu zilizoibwa: mwenye simu anatoa taarifa, kampuni inaiandika katika orodha nyeusi, na simu hainyanyui rezo tena. Nchi zote hazisomi orodha moja, kwa hiyo simu iliyokufa Ulaya inaweza kuwa hai Lubumbashi. Msomaji ataamua mwenyewe kama anataka kutembea na simu ambayo mtu fulani analia juu yake mahali fulani. Bofya *#06#, namba itatokea. Ilinganishe na ile iliyo kwenye mipangilio na ile ya kwenye boksi. Zikitofautiana, boksi na simu havikuzaliwa pamoja.

Sasa "rekondisyone". Hapa Kiswahili chetu kinaweza kutupoteza, kwa sababu kutengeneza ni kuunda na pia ni kurekebisha. "Simu hii imetengenezwa vizuri" inaweza kuwa sifa ya kiwanda au ya fundi wa mtaani. Wafaransa nao walikuwa na tatizo lao, hata serikali ikaingilia kati. Amri ya tarehe 17 Februari 2022 inasema bidhaa haiwezi kuitwa "reconditionné" kama kazi zake zote hazijapimwa, kama kilichoharibika hakijarekebishwa, na kama data za mwenyewe wa zamani hazijafutwa. Amri hiyo inakataza pia kuandika "comme neuf" juu ya bidhaa ya namna hiyo. Ni jambo la kutufikirisha kitivoni: neno moja la soko limepewa maana na sheria, na anayelitumia vibaya anaweza kuadhibiwa.

Lakini amri ya Ufaransa haivuki mpaka pamoja na neno lake. Neno "rekondisyone" linalotamkwa mezani kwetu halina sheria nyuma yake. Linaweza kumaanisha vitu vitatu. Linaweza kumaanisha simu iliyorudi kwa mtengenezaji wake ikapimwa na kubadilishwa vipande kwa vipande vya asili. Linaweza kumaanisha simu iliyopitia warsha ya mfanyabiashara, aliyeipima na kubadilisha kioo au batri kwa vipande alivyovipata. Na linaweza kumaanisha simu iliyofutwa vumbi na kuvalishwa nailoni mpya. Ya kwanza na ya tatu zinaweza kukaa meza moja zikifanana kama mapacha.

Namna ya kuzitofautisha ipo, angalau kwa sehemu. Kwenye iPhone, angalia namba ya modeli katika maelezo ya simu. Ikianza na M, iliuzwa ikiwa mpya. Ikianza na F, ilirekebishwa na Apple wenyewe. Ikianza na N, ilitolewa kubadilisha nyingine iliyoharibika. Tangu iOS 15.2, iPhone nyingi zinaonyesha pia kama batri, kioo au kamera ni vya asili au ni vipande visivyojulikana. Soma na afya ya batri. Ikiwa chini ya asilimia 80, hesabu bei ya batri mpya ndani ya bei ya simu. Kwa Samsung nyingi, bofya *#0*# upate ukurasa wa majaribio: rangi za kioo, mguso, spika, kamera. Kwa simu nyingine yoyote, piga picha, jirekodi, sikiliza, tia chaji dakika tano uone kama inapanda na kama inachemka.

Jambo moja zaidi kwa wanaopenda simu za Marekani. Kuanzia iPhone 14, ya mwaka 2022, zile zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazina mahali pa kuingiza kadi, zinatumia eSIM peke yake. Inaweza kuwa wazi kabisa, haina deni, haina kufuli hata moja, na bado kadi yako ikakosa mlango. Uliza kampuni yako ya simu kabla ya kuitamani.

Tukirudi kwenye kufuli, jaribio lenye nguvu kuliko yote ni rahisi, nalo ndilo nisilolifanya. Mwombe muuzaji aifute simu yote mbele ya macho yako, irudi kama ilivyotoka kiwandani. Kisha iwashe, iunganishe na intaneti kwa mega zako mwenyewe, uingize akaunti yako, upakue programu mpya zilizopo. Inachukua nusu saa na zaidi. Ikidai barua pepe usiyoijua, au ikitaja kampuni usiyokopa kwake, irudishe taratibu na umshukuru mwenyewe. Muuzaji akikataa jaribio hilo, amekwisha kukujibu. Kama ningefanya hivyo, huenda ule ujumbe wa deni ungenitokea pale pale, dola zangu zikiwa bado mfukoni. Hata hivyo jaribio hilo halimalizi hatari yote. Kwa hiyo omba karatasi ya malipo yenye tarehe, IMEI, na siku za garanti. Na neno "debloke" liandikwe kwa urefu: debloke ya mtandao, ya akaunti na ya deni. Mtu anayesema neno kwa mdomo mwepesi mara nyingi hulifikiria upya anapoombwa kuliandika.

Kuhusu rekodi zangu, nilirudi Kipushi. Wazee watatu walikubali kuanza upya, wakinicheka kidogo. Wa nne alikuwa amelala mgonjwa. Alinipa dakika kumi, na majina ya vifaa vya mgodini aliyonitajia mara ya kwanza, mengine hakuyakumbuka tena. Katika memwari yangu sehemu ile ni fupi, nami najua kwa nini. Sasa kila rekodi nainakili kwenye kle ya USB jioni ile ile, hata simu iwe nzuri namna gani.

Simu niliyonayo leo nilinunua kwenye meza nyingine. Muuzaji alianza na sentensi ninayoijua: "Hii iko debloke, mudogo." Nikamuuliza, "Yaya, mbele ilifungwa na nani? Na nani aliifungua?" Akanitazama, akacheka, akasema, "Weye unauliza sana." Halafu akairudisha simu ile pale ilipokuwa, akainama, akatoa nyingine chini ya meza.