Turbo kwenye foleni ya Mbezi

"Mjomba, hili gari lina ugonjwa," mpwa wangu aliniambia kwenye simu. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu achukue Subaru WRX S4 yake yadini. Dalali alimhakikishia kwamba lita moja itampeleka kilomita 13. Sasa anatoka Mbezi kwenda Posta na kurudi kila siku, na mshale wa mafuta unashuka mbele ya macho yake. Fundi wa kwanza alimbadilishia plagi. Wa pili akataka kushusha pampu ya mafuta. Kijana alikuwa ameshaanza kutafuta mnunuzi.

Nilimwomba asiuze kwanza, kwa sababu ile namba ya dalali haikuwa ya kutunga. Ndiyo iliyotangazwa Japani gari hilo lilipotoka mwaka 2014: kama kilomita 13 kwa lita. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeuliza kilomita hizo zilipatikana wapi.

Zilipatikana ndani ya chumba. Kipimo cha Japani cha miaka ile kiliitwa JC08. Gari linawekwa juu ya magurudumu ya chuma, na dereva anafuata mstari wa mwendo unaochorwa kwenye skrini mbele yake. Safari nzima ni kilomita 8.17 kwa sekunde 1,204, yaani dakika 20 na ushee. Wastani wa mwendo ni kilomita 24.4 kwa saa, na mwendo wa juu kabisa ni 81.6. Kiyoyozi kimezimwa. Hakuna mlima, hakuna tuta, hakuna shangazi na magunia ya mkaa kwenye buti. Gari linaongezwa mwendo taratibu sana, na turbo karibu haiguswi.

Kwa gari la kawaida hilo la mwisho si kitu. Kwa gari la turbo ndilo kila kitu. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa injini ili isukume hewa nyingi zaidi ndani, na hewa nyingi inadai petroli nyingi. Katika hali ya utulivu injini huchanganya kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Ukikanyaga hadi mwisho, kompyuta ya gari huongeza petroli mpaka hewa inashuka kwenye kilo 12 au chini yake, kwa sababu petroli ya ziada hupoza vyumba vya injini visiungue. Petroli hiyo haisukumi gari hata hatua moja. Inafanya kazi ya maji ya kupozea. Mpwa wangu alilinunua gari lile kwa ajili ya msukumo huo hasa, na kipimo cha JC08 hakikuugusa.

Wamarekani hupima kwa ukali zaidi. Tangu magari ya mwaka 2008, shirika lao la mazingira, EPA, limeingiza kwenye hesabu kiyoyozi, baridi ya asubuhi na mwendo wa kasi. WRX ya mwaka 2015 yenye turbo ya lita 2.0 na giaboksi ya CVT, injini ya jamii moja na ile ya S4, walipima wakapata maili 21 kwa galoni, ambazo kwetu ni kilomita 8.9 kwa lita. Impreza ya mwaka huohuo isiyo na turbo, nayo ya CVT, ilipata 13.2. WRX yenye giaboksi ya mkono ilipata 11.9 kwenye barabara kuu, na 11.9 hiyohiyo ndiyo Impreza ya kawaida iliyopata mjini. Ningekuwa na uwezo, ningebandika namba hizo mbili kwenye kila kioo cha yadi hapa Dar es Salaam.

Kwa mtu anayetembea kilomita 1,000 kwa mwezi, tofauti kati ya 8.9 na 13.2 ni kama lita 36. Zidisha kwa bei ambayo EWURA, mamlaka ya nishati na maji, hutangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, uone kama mshahara unaibeba.

Lakini hata 8.9 si ya Mbezi. Barabara ya Morogoro saa moja asubuhi ina hesabu yake. Injini ya lita mbili iliyosimama, kiyoyozi kikiwaka, hula karibu lita moja kwa saa, na kwa muda huo kilomita ni sifuri. Halafu kuna breki. Gari la kilo 1,500 likiwa kwenye mwendo wa 50 limebeba nguvu iliyogharimu takriban mililita 18 za petroli, zaidi ya vijiko vitatu vya chai. Ukifunga breki kwenye tuta, vijiko hivyo vimegeuka joto kwenye diski za breki. Ukifanya hivyo mara 60 umemwaga lita nzima. Ndiyo maana uzito unauma mjini kuliko nguvu za farasi. Suzuki Swift Sport ya mwaka 2017 nayo ina turbo, ya lita 1.4 na farasi 140, lakini toleo la giaboksi ya mkono lina kilo 970 tu, na JC08 iliipa 16.4. Kila inaposimama inapoteza kidogo.

Tulipokutana Jumamosi nililigusa bomba la rejeta baada ya kuendesha nusu saa. Lilikuwa vuguvugu. Nikajua. Fundi fulani, huko nyuma, alikuwa ametoa thamostati. Nimeliona jambo hili mara nyingi na linanihuzunisha, kwa sababu hufanywa kwa nia njema: nchi yetu ni ya joto, basi wanasema injini ipoe. Thamostati ikitolewa, maji yanazunguka muda wote na injini inachelewa kufika kwenye joto lake la kazi, au haifiki kabisa. Kompyuta inadhani gari limewashwa sasa hivi alfajiri, inaendelea kumwaga petroli ya kuamshia injini. Mteja anaambiwa turbo ndiyo inayokula. Thamostati mpya ni kifaa cha bei ndogo. Tuliirudisha mchana uleule, tukajaza na upepo wa matairi, maana mawili yalikuwa yamelegea.

Wiki iliyofuata alikuwa na safari ya Iringa, nikamwambia hiyo ndiyo njia ya kulijua gari lake. Nje ya mji mambo hubadilika. Upinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo: kutoka 80 hadi 110 unakaribia mara mbili. Vijiji vyenye alama ya 50, na askari mwenye tochi chini ya mwembe, vinaokoa mafuta kuliko dereva anavyopenda kukiri. Kisha unakuja mlima wa Kitonga. Kuinua gari la kilo 1,600, watu na mizigo ndani, kutoka usawa wa bahari hadi mita 1,500 kunadai karibu lita tatu za petroli juu ya zile za kwenda mbele. Huko juu hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 14, na injini isiyo na turbo inapoteza nguvu kwa kiasi hichohicho. Gari dogo lisilo na turbo, lenye watu watano, linapanda likilia, mguu wa dereva umegota chini. Turbo huirudishia injini hewa iliyopungua. Mlimani, pengo la matumizi kati ya gari la turbo na lisilo na turbo hupungua sana.

Aliniahidi kwamba wakati wa kushuka hataweka nyutro, kama wengi wanavyofanya wakidhani wanabana matumizi. Gari la kisasa likiwa kwenye gia, mguu ukiwa umeondolewa, hukata petroli kabisa. Kwenye nyutro injini inaendelea kunywa ili isizimike, na breki zinabeba mlima wote peke yake.

Sasa ana daftari dogo kwenye droo ya gari. Anajaza tanki mpaka pampu ijikate yenyewe, anaandika kilomita, anatembea, anajaza tena na kugawanya kilomita kwa lita. Namba ya dashibodi nimemwambia aiache. Ameshaandika matanki mawili, moja la mjini na moja la Iringa, na ameyatenga kwenye kurasa tofauti. La tatu atalijaza Ijumaa jioni, kituo kilekile, pampu ileile.