Kizibo cha ukutani

Kiko chini ya ukuta wa choo, usawa wa goti, kinatazama mtaro: mdomo wa bomba uliozibwa kwa matambara na kipande cha mfuko wa saruji. Ukipita haraka utadhani ni ufa uliozibwa na fundi mvivu. Nilikiona Vingunguti, Dar es Salaam, nikiwa nimefuata habari nyingine kabisa, na tangu hapo nikiingia uchochoroni macho yanashuka yenyewe chini ya kuta. Kimoja kimeshindiliwa chupa ya plastiki. Kingine kimepigwa lipu nyembamba, ya kubomolewa kwa teke moja. Kuna mwenye nyumba aliyeweka kifuniko cha kuzungusha, kipya, cha dukani. Huyo nilimtafakari sana. Alikaa, akapima, akanunua.

Kazi ya kizibo mnaijua. Masika yakianza na mvua ikikolea, kizibo kinatolewa, choo kinatapishwa, mtaro unabeba. Kukikucha kila kitu kimerudi mahali pake, na afisa afya wa kata atakuta ukuta tu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 na sheria ndogo za halmashauri hazitaki mchezo huo. Shimo likijaa linyonywe, uchafu upelekwe kwenye mabwawa ya majitaka. Lakini mzee mmoja anayeishi kwa kazi ya kuondoa uchafu wa vyoo, aliyeianza enzi za vyura, wale wa kuingia shimoni na ndoo, aliniambia niache kutazama choo, nitazame uchochoro.

"Gari la majitaka lipite wapi hapa, mwanangu? Jirani huyu alinunua kabati, likarudi dukani."

Siku hizi hazami tena. Ana Gulper, pampu ya mkono aliyoibuni Mwingereza Steve Sugden na ambayo WaterAid iliijaribu katika mitaa ya jiji hili. Ni bomba refu lenye fimbo ya chuma ndani. Unavuta juu, unashusha, tope linapanda na kumwagika kwenye pipa. Kabla ya hapo anamimina mafuta ya taa kukata harufu, kisha anachukua nondo iliyopindwa ncha na kuanza kuvua: vipande vya khanga, pedi, chupa, ndala ya mtoto. Kuvua kunakula muda kuliko kuvuta. Anachoogopa ni nyembe. "Glavu haizuii wembe," alisema, akinionyesha kovu kwenye kiganja.

Naye anauza kwa pipa. Gari linatoza safari nzima, ujaze usijaze. Kwake mteja ananunua mapipa mawili, matatu, choo kishuke kidogo, mengine mwisho wa mwezi. Sheria inakijua choo kilichojaa na choo kilichonyonywa. Hiki kilichopunguzwa mapipa mawili kiwekwe kifungu gani?

Mapipa yanapakiwa kwenye guta hadi mabwawa ya Vingunguti. Kwa mtaa huu ni karibu. Akiitwa Tandale ni hadithi nyingine. "Guta likigoma kilimani, mzigo wa viazi watu watakusaidia kusukuma. Huu wangu wanavuka barabara."

Nilimuuliza juu ya kile kifuniko cha dukani. Akacheka, akasema kazi ile ni yake. Anawajengea wateja vizibo, na wateja haohao wanamwita kiangazi kuja kuvuta.

"Mteja amesema weka bomba, mimi nimkatalie nile nini? Mwenye nyumba mwenyewe anakaa Kimara. Anayefungua usiku ni mpangaji."

Faini ikija, nani analipa?

"Waulize halmashauri. Na ukifika huko waulize na hili: mtu wa guta akitaka kumwaga karibu na Tandale, kihalali, kwa kulipia, amwage wapi?"